Makaburi ya Almudena, Madrid: nani kazikwa wapi, na nani aliamua

Tarehe 24 Oktoba 2019 runinga za dunia nzima zilionyesha helikopta ikipaa na jeneza la Francisco Franco, mtawala wa kijeshi aliyeishikilia Hispania hadi alipofariki mwaka 1975. Mwili ulikuwa umetolewa katika kanisa lililochimbwa ndani ya mlima nje ya Madrid, na tangu siku hiyo swali moja halijaisha mitandaoni: alipelekwa Almudena au hakupelekwa? Wapo wanaoapa kwamba yuko Almudena, jirani na wanasoka na washairi. Wapo wanaosema familia iliomba Almudena ikanyimwa. Kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Familia iliomba Almudena kweli, ila Almudena iliyoombwa ni kanisa kuu la Madrid, lile lililo ubavuni mwa ikulu ya mfalme. Chini ya sakafu ya kanisa hilo kuna vyumba vya makaburi, na binti yake Franco amezikwa humo. Serikali ilikataa, Mahakama ya Juu ikaipa serikali haki mwezi Septemba 2019, na jeneza likaishia kwenye makaburi madogo ya Mingorrubio huko El Pardo, alikozikwa mkewe. Makaburi ya Almudena hayahusiki kabisa na kisa hicho. Yako mashariki ya jiji, kilomita kadhaa kutoka kwenye kanisa hilo, ni mali ya halmashauri ya Madrid, na Franco hajawahi kulazwa humo hata siku moja.

Hata ukishaliweka kando kanisa kuu, bado majina yanachanganya. Mtu wa Madrid akitaja makaburi ya Almudena, kwa mazoea anajumlisha sehemu tatu zilizo jirani. Kuna uwanja mkubwa wenyewe, hekta 120 hivi, uliotengenezwa kwa ajili ya Wakatoliki. Ng'ambo ya barabara ya Daroca kuna Makaburi ya Kiraia, kipande kidogo kilichotengwa kwa watu ambao Kanisa halikukubali kuwazika, au ambao wenyewe hawakutaka kuzikwa na padri. Na yaliyopakana na hayo ni Makaburi ya Wayahudi. Kila sehemu ina lango lake.

Neno "kaburi" nalo linahitaji kufafanuliwa kabla hatujaenda mbali. Kaburi la ardhini huko Hispania kwa kawaida ni shimo refu lililojengewa kuta, ambamo majeneza kadhaa hupangwa moja juu ya jingine, kisha likafunikwa kwa jiwe. Shubaka ni tundu katika ukuta mrefu wenye safu za matundu, kuanzia chini hadi juu ya kichwa cha mtu. Jeneza husukumwa ndani, mdomo ukazibwa kwa tofali na bamba lenye jina. Yapo mashubaka madogo zaidi kwa ajili ya majivu ya waliochomwa. Halafu kuna chumba cha mifupa, ambamo mabaki yaliyoondolewa makaburini hukusanywa pamoja. Gazeti likiandika kwamba fulani "yuko Almudena", anaweza kuwa katika lolote kati ya hayo.

Inakadiriwa kuwa watu milioni 5 wamezikwa Almudena tangu ilipofunguliwa mwaka 1884, idadi inayozidi wakazi wote wa jiji la Madrid leo. Nani kati yao yuko wapi halikuwa suala la umaarufu. Yaliamua mambo matatu: mwaka aliokufa, lango ambalo sheria ya wakati huo ilimfungulia, na mkataba wa kaburi lenyewe.

Mwaka 1884 na waliotangulia

Kosa la kwanza la watafutaji ni kwenda Almudena kumtafuta mwandishi Cervantes, mchoraji Velázquez au mtunzi wa tamthilia Lope de Vega. Hawawezi kuwepo. Hadi mwisho wa karne ya 18, Mhispania alizikwa chini ya sakafu ya kanisa la parokia yake. Mwenye fedha alilazwa karibu na altare, asiyenacho akalazwa karibu na mlango. Sakafu ilifunguliwa, maiti ikashushwa, sakafu ikafungwa, na Jumapili waumini wakapiga magoti palepale juu yake. Joto lilipopanda, harufu nayo ilipanda. Mwaka 1781 ugonjwa uliozuka katika mji wa bandari wa Pasajes, kaskazini mwa nchi, ulihusishwa na maiti zilizojazana kanisani, na tarehe 3 Aprili 1787 Mfalme Carlos III akaamuru makaburi yajengwe nje ya miji.

Amri ilipuuzwa kwa zaidi ya miaka 20. Mapadri walitegemea ada za mazishi, na familia ziliona ni fedheha kumpeleka mzee wao porini, mbali na altare. Madrid ilipata makaburi yake ya kwanza makubwa ya nje mwaka 1809, chini ya utawala wa Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon, ambaye pia alibomoa makanisa kadhaa ili kufungua viwanja. Mojawapo lilikuwa kanisa la San Juan, alikozikwa mchoraji Velázquez mwaka 1660. Leo hapo pana uwanja wa Ramales, na mifupa yake haijapatikana. Lope de Vega alizikwa kanisa la San Sebastián na mabaki yake yalipotea. Cervantes aliyefariki mwaka 1616 yuko katika nyumba ya watawa wa Utatu Mtakatifu. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba mabaki yake yamo katika rundo la mifupa ya watu kadhaa, lakini hawakuweza kusema huu ni wake na huu si wake.

Mchoraji Goya ana mkasa wa peke yake. Alifia Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1828. Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1888 zilikutwa mifupa ya watu wawili na fuvu moja tu, na fuvu hilo halikuwa la Goya. Wote wawili, yeye na rafiki yake Goicoechea, wakaletwa Madrid, wakawekwa kwa muda katika makaburi ya San Isidro, na mwaka 1919 wakahamishiwa kanisa dogo la San Antonio de la Florida, ambalo Goya mwenyewe aliipaka rangi dari yake. Fuvu lake halijaonekana hadi leo.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza: aliyekufa kabla ya 1884 hayuko Almudena, isipokuwa awe amehamishwa. Kabla ya hapo watu wa hadhi walizikwa katika makaburi ya vyama vya kidini, na makubwa kati ya hayo, San Isidro na San Justo, bado yapo. Mwandishi wa magazeti Larra na mshairi Espronceda wako San Justo baada ya kuhamishwa mwaka 1902 kutoka makaburi yaliyofungwa. Almudena ilianza kutumika ujenzi ukiwa haujakamilika, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kinanyemelea na jiji halikuwa na pa kuzika. Ndiyo maana sehemu zake za zamani na za baadaye hazifanani kwa mpangilio.

Malango mawili

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Katika Hispania ya karne ya 19 ardhi ya makaburi ilikuwa imebarikiwa na Kanisa, na Kanisa ndilo lililoamua nani anaingia. Waliokataliwa ni wasiobatizwa, Waprotestanti, walioasi dini hadharani, waliokufa wakipigana duweli (pambano la silaha la watu wawili), na waliojiua. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliyaandika hayo kwa herufi, ikaongeza aliyeagiza maiti yake ichomwe. Mtu wa namna hiyo akifa, maiti iliwekwa popote. Kule Málaga, inasimuliwa, mabaharia Waprotestanti walizikwa ufukweni usiku, wakiwa wima mchangani, hadi balozi mdogo wa Uingereza, William Mark, alipoanzisha makaburi yao mwaka 1831.

Mwaka 1883 serikali iliagiza miji iwe na eneo la kuzikia wasio Wakatoliki, na mwaka uliofuata Makaburi ya Kiraia ya Madrid yakafunguliwa. Wa kwanza kuzikwa alikuwa msichana wa miaka 20 aliyejiua. Hakuwa mwanasiasa wala mpinga dini. Mlango wa upande wa pili ulikuwa umefungwa kwake, basi. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila unaposikia mtu akiyaita "makaburi ya wasioamini Mungu". Wamo wasioamini, lakini wamo pia Waprotestanti waliosali kila siku ya maisha yao, na watu ambao hakuna aliyewauliza waliamini nini.

Baada ya muda lango hilo likawa na maana ya kisiasa. Kuagiza kuzikwa upande wa kiraia lilikuwa tamko: nataka nchi ambamo padri hasimami kati ya raia na serikali yake. Jamhuri ya Kwanza ya Hispania, iliyotangazwa Februari 1873, ilipitiwa na marais wanne ndani ya miezi 11, na watatu kati yao wako hapo: Figueras, Pi y Margall na Salmerón. Wa nne, Castelar, alikuwa Mkatoliki na yuko San Isidro. (Figueras alifariki 1882, kabla makaburi hayajafunguliwa, kwa hiyo yeye ni wa wale waliohamishwa.)

Ukifika pale, soma mawe. Kaburi la Pi y Margall, aliyefariki 1901, limeandikwa kwamba Hispania isingepoteza himaya ya makoloni yake kama ingefuata ushauri wake. Miaka mitatu kabla ya kifo chake nchi ilikuwa imenyang'anywa Cuba, Puerto Rico na Ufilipino kwa vita na Marekani, naye alikuwa amepiga kelele miaka yote kwamba Cuba ipewe kujitawala. Sijaona jiwe la kaburi linalogombana na walio hai waziwazi kiasi hicho. La Salmerón ni la upole zaidi: linasema aliacha madaraka ili asitie saini hukumu ya kifo. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 1873, jeshi lilipotaka wanajeshi waasi wauawe naye akachagua kujiuzulu.

Kisha yuko Pablo Iglesias, na hapa tusimame, maana wasomaji vijana humkosea. Pablo Iglesias aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Hispania kuanzia 2020 hadi 2021 yuko hai. Aliyezikwa hapo ni Pablo Iglesias Posse, mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji aliyeanzisha Chama cha Kisoshalisti mwaka 1879, kisha shirikisho la wafanyakazi la UGT mwaka 1888, na mwaka 1910 akawa msoshalisti wa kwanza kuingia bungeni. Alifariki Desemba 1925. Kaburi lake kubwa lilichongwa na Emiliano Barral, ambaye naye aliuawa mwaka 1936 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuzikwa Madrid.

Wengine walifika kwa safari ndefu. Julián Besteiro, profesa wa mantiki na spika wa bunge lililotunga katiba ya 1931, alifia gerezani Carmona mwaka 1940 akitumikia kifungo cha miaka 30, na alizikwa kulekule. Mwaka 1960, Franco akiwa bado madarakani, mabaki yake yaliruhusiwa kuletwa Madrid. Francisco Largo Caballero, waziri mkuu wa miezi ya mwanzo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alitiwa na Wanazi kambini Sachsenhausen, akatoka hai, akafia Paris mwaka 1946. Alirudi Aprili 1978 katika jeneza lililopokewa na umati mkubwa mitaani. Dolores Ibárruri, kiongozi wa Wakomunisti aliyejulikana kama La Pasionaria, alifariki tarehe 12 Novemba 1989, siku tatu baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa.

Wapo pia walimu. Francisco Giner de los Ríos na wenzake wa Institución Libre de Enseñanza, shule iliyotaka elimu isiyofungwa na mafundisho ya Kanisa, wamelala karibu karibu. Yuko Arturo Soria, mbunifu wa mji uliojengwa kufuata mstari wa reli ya tramu. Na yuko mwandishi wa riwaya Pío Baroja, aliyefariki Oktoba 1956. Katika miaka ile kuzikwa bila padri kulihitaji ujasiri wa familia. Mpwa wake, Julio Caro Baroja, alishikilia wosia wa mjomba wake. Ernest Hemingway alikuwa mmoja wa waliokuja kuzika.

Sheria ya malango haikubaki ileile. Jamhuri ya Pili, iliyotangazwa mwaka 1931, iliamua Januari 1932 kwamba makaburi ya halmashauri ni ya raia wote, na kuta za kutenganisha dini zibomolewe. Serikali ya Franco ilifuta sheria hiyo Desemba 1938, kabla hata vita haijaisha, na kuta zikarudi. Mwisho wa habari ulikuwa sheria ya Novemba 1978: katika makaburi ya umma hakuna kubaguana kwa dini, na ibada ni hiari ya marehemu au familia. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kuzikwa upande wowote.

Usisome kupita kiasi, basi, lango la mtu. Benito Pérez Galdós, mwandishi mkubwa wa riwaya na mkosoaji mkali wa mapadri, alifariki Januari 1920, akasindikizwa na maelfu kwa maelfu, na yuko upande wa Wakatoliki. Enrique Tierno Galván, meya wa Madrid aliyesema hadharani kwamba suala la Mungu kuwepo au kutokuwepo halimshughulishi, alipofariki Januari 1986 jiji zima lilisimama. Naye yuko upande huohuo, kwa kuwa sheria ya 1978 ilikwisha kuufungua. Halafu yuko mwandishi Almudena Grandes, aliyefariki Novemba 2021. Kwa jina lake wengi humtafuta katika makaburi makubwa. Alizikwa Makaburi ya Kiraia, na wasomaji wake walikuja wakiwa wameinua vitabu vyake juu.

Mkataba wa kaburi

Jambo lisiloeleweka zaidi ni hili la mabaki kuhamishwa. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia kaburi "limeisha muda", anahisi ni dharau kwa marehemu. Lakini Hispania kaburi la manispaa haliuzwi. Ni kama hati ya kiwanja ya miaka 33, 66 au 99: umepewa haki ya kutumia kwa kipindi, ardhi inabaki ya umma, na kipindi kikiisha unahuisha au unaachia. Zamani familia zilipewa miaka 99 au hata bila kikomo. Sheria ya mali ya umma ya 2003 imeweka ukomo wa miaka 75. Mashubaka mengi hukodiwa kwa mkataba mfupi zaidi.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Maiti haizikwi kabla ya saa 24 kupita tangu kifo. Kwa kanuni za afya za 1974, mwili unahesabiwa kuwa maiti kwa miaka 5 ya kwanza. Baada ya hapo unaitwa mabaki, na masharti ya kuugusa hulegea. Familia yenye kaburi la nafasi 4 ikijaza nafasi zote, haina haja ya kununua jingine. Mabaki ya zamani hutolewa, hukusanywa katika sanduku dogo, hurudishwa ndani ya kaburi lilelile, na nafasi hupatikana kwa jeneza jipya. Kwa njia hii kaburi moja hubeba vizazi vitatu au vinne, na hapo ndipo utakapoelewa ile hesabu ya milioni 5.

Kinachoharibika mara nyingi ni hati. Mwenye hati anafariki, watoto hawabadilishi jina ofisini, wajukuu wanahamia mji mwingine, barua za halmashauri zinarudi bila kusomwa. Jiwe linapasuka, mti unainua bamba, tangazo linabandikwa, hakuna anayejitokeza. Mwishowe haki inarudi kwa halmashauri na mabaki yanakwenda kwenye chumba cha mifupa, ambako hakuna anayeweza tena kuyatenganisha. Mtu maarufu halindwi na umaarufu wake hapa. Wengi walikufa bila mali na kuzikwa katika kaburi la shemeji au la rafiki, kwa hiyo hatima yao imo mikononi mwa watu wasiowajua.

Hiyo pia ni sababu ya wageni kupita mbele ya kaburi wanalolitafuta bila kulitambua. Jiwe huandikwa jina la familia yenye hati. Santiago Ramón y Cajal, mtaalamu wa seli za neva aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 na kufariki 1934, yuko kwenye kaburi la kawaida pamoja na mkewe, bila sanamu wala nguzo. Mshairi Vicente Aleixandre, mwenye Nobel ya 1977, vilevile hana kaburi la fahari. Linganisha na mpigana ng'ombe José Cubero, "El Yiyo", aliyeuawa na dume la ng'ombe huko Colmenar Viejo Agosto 1985 akiwa na miaka 21: yeye ana sanamu yake mwenyewe kamili. Mwimbaji Lola Flores alifariki tarehe 16 Mei 1995, na mwanawe Antonio, mwanamuziki pia, akamfuata tarehe 30 mwezi huohuo. Wako pamoja, na maua hayakauki. Alfredo Di Stéfano, nyota wa Real Madrid aliyefariki 2014, naye yuko Almudena, kwa wale wanaouliza kila mara.

Tahadhari moja kuhusu habari za vifo. Tanuri la kwanza la kuchomea maiti Hispania lilianza kazi Almudena mwaka 1973, kwa hiyo watu wengi mashuhuri hupelekwa hapo kuchomwa bila kuzikwa hapo. Santiago Carrillo, katibu mkuu wa Wakomunisti aliyefariki 2012, ni mfano mzuri: alichomwa Almudena, majivu yakatupwa baharini Gijón. Ukisoma "mwili ulipelekwa Almudena", endelea hadi aya inayofuata kabla hujasambaza.

Wale wasio na bamba

Kati ya mwaka 1939 na 1944, utawala wa Franco uliwapiga risasi karibu watu 3,000 kwenye ukuta wa makaburi haya. Kesi zilikuwa za kijeshi, za haraka, na miili mingi iliingia katika makaburi ya muda ambayo yalifukuliwa miaka iliyofuata. Wanaokumbukwa zaidi ni wasichana 13 waliouawa alfajiri ya tarehe 5 Agosti 1939, wanaoitwa Mawaridi Kumi na Matatu. Mmoja wao, Julia Conesa, aliiandikia familia yake barua ya mwisho akiomba jina lake lisifutwe katika historia. Bamba lao lipo ukutani. Jaribio la kuweka majina ya wote waliouawa lilikwama: halmashauri iliyoingia 2019 iliondoa mabamba yaliyokwisha wekwa, ikitaka kumbukumbu isiyotaja jina la mtu mmoja mmoja, na ugomvi huo ni wa kisiasa hadi leo. Uwanja huohuo una pia makaburi ya marubani wa Kijerumani waliopigana upande wa Franco.

Ukitaka kulipata kaburi

Anza na majina yote mawili ya ukoo, la baba na la mama, kwa sababu daftari za Hispania hupangwa hivyo na mwanamke habadilishi jina akiolewa. "García" peke yake haikusaidii kitu. Ongeza tarehe ya kufariki. Tarehe ya kuzikwa huwa kesho yake au kesho kutwa. Uliza ofisi ya makaburi, ambayo tangu 2016 iko chini ya kampuni ya halmashauri yenye kusimamia makaburi 14 ya Madrid. Utapewa anwani yenye sehemu nne: mtaa mkubwa wa makaburi, kitalu ndani yake, herufi ya mstari, na nafasi. Iandike yote. Mtu mwenye sehemu tatu tu za anwani anaweza kuzunguka nusu siku, maana kila kitalu kina mamia ya mawe yanayofanana.

Kwa upande mkubwa, shuka kituo cha metro cha La Elipa, laini ya 2, au panda basi namba 110 kutoka uwanja wa Manuel Becerra, linaloingia hadi ndani. Njia za humo ni ndefu na zina kilima. Kwa Pi y Margall, Baroja, La Pasionaria na Almudena Grandes usiingie lango hilo. Nenda barabara ya Daroca, lango la Makaburi ya Kiraia, ambako eneo ni dogo kiasi kwamba saa moja inatosha, na makaburi makubwa ya kisiasa yako kando ya njia kuu. Epuka tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, kama haja yako ni kusoma mawe kwa utulivu: siku hiyo nusu ya Madrid imekuja na ndoo, brashi na maua, na ofisi haina muda wa kumtafutia mtu daftarini.